Mwaka Tulioupigia Kura Mkasi

Karatasi ile bado iko ukutani. Nimerudi Kisangani baada ya miaka zaidi ya thelathini ughaibuni, nikiwa na diploma mbili za tiba ya viungo, moja ya Kinshasa na moja ya Brussels, na mwaliko wa kwanza nilioupata mjini haukutoka kwa gavana wala kwa askofu. Ulitoka kwa vijana wa judo wa mtaa wa Mangobo. Walinitaka niwe mgeni wao wa heshima siku ya Jumamosi, kwa sababu wanabishana: wameona kwenye simu zao mrusho mmoja wa zamani, ule wa kumbana mtu kwa miguu miwili kama mkasi, nao wanataka ruhusa ya kuufanyia mazoezi, wakati mashindano yameukataza siku nyingi. Nilipita siku ya Alhamisi kuwasalimu, nimevaa suti yangu ya kijivu, nikachechemea kidogo mlangoni kama ninavyochechemea siku zote, na pale ukutani, ndani ya fremu isiyo na kioo, nikaukuta mwandiko wa Maître Bolamba, mwalimu wetu, Mungu amrehemu: Ciseaux, yaani mkasi, ni marufuku katika ukumbi huu. Wamekubali kumi, amekataa mmoja. Mwalimu wa sasa ni binti anayeitwa Aziza. Akaniuliza, “Papa Ramazani, huyu mumoja aliyekataa alikuwa nani? Siye tunasemaka ni Papa Losala, juu ni yeye alikuvunja goti.” Nikatoa leso, nikaifuta fremu vumbi. Mimi, ambaye nimehutubia madaktari Brussels bila karatasi mkononi! Nikamwambia nitamjibu Jumamosi.

Habari za wazazi wangu siziandiki hapa, hazihusiki. Yote niliyo nayo nimeyatafuta kwa mikono yangu, na yalianzia mwaka ule, katika miaka ya sabini, nilipofika Mangobo na begi moja nikapanga chumba kwa Mama Feza. Ilikuwa Zaire ya chama kimoja. Kila mtu aliitwa citoyen, mwananchi, hata jambazi, na kila Jumamosi asubuhi mji mzima ulitoka na majembe na mafagio kufanya salongo, kazi ya umma ambayo hakuna aliyethubutu kuikosa. Nyuma ya uwanja wa Mama Feza kulikuwa na ghala la zamani la mpunga, na humo ndimo Maître Bolamba, Mlokele mrefu aliyefanya kazi bandarini, alimofungua klabu yake. Nawaambia vijana wanaokanyaga mikeka ya plastiki kutoka ng’ambo: ninyi hamjui tatami! Yetu tuliijenga wenyewe. Fremu ya mbao, ndani yake makapi ya mpunga, juu yake turubai la lori lililovutwa na kupigiliwa misumari pembeni. Kila Jumamosi baada ya salongo tuling’oa misumari ya upande mmoja, tukaingia na koleo, tukayageuza makapi yasishikane, kisha tukapigilia tena. Ukumbi wote ulinuka mpunga na jasho. Hadi leo, nikisikia harufu ya kinu cha mpunga, mabega yangu yanajiandaa kuanguka.

Siku moja, bila kututayarisha, Maître alitufundisha mkasi. Alimshika mwanafunzi mkono wa kimono, akaweka kiganja chake kwenye turubai, akaruka kwa ubavu, mguu mmoja ukapita mbele ya tumbo la mwenzake, mwingine ukapita nyuma ya magoti, akaibana miguu hiyo, na yule mtu akaenda chali kama mlango uliong’olewa bawaba. Tulipiga kelele! Maître akasimama, akajipangusa, akasema, “Bon. Nimewaonyesha mujue iko. Kuifanya, mpaka niseme.” Hakusema. Lakini mimi sikuwa mtu wa kusubiri kuambiwa. Nyuma ya jiko la Mama Feza kulikuwa na migomba saba ya ndizi za kupika, zile alizotupondea lituma, na kila alasiri, watu wakiwa wamejipumzisha, niliishambulia. Nilijifunza umbali kwa mgomba wa kwanza, nikajifunza urefu kwa wa pili. Nilipofika wa nne Mama Feza alitoka na mwiko mkononi.

“Ramazani! Ndizi yangu imekukosea nini?”

“Mama, ni mazoezi.”

“Mazoezi? Weye unakula lituma yangu asubuhi na magaribi, halafu unaua mama yake! Enda uruke juu ya ukuta, tuone kama ukuta utaanguka.”

Nilimlipa kwa kumpandia miche mipya, na migomba mitatu iliyobaki alinikatalia kabisa. Lakini kazi ilikuwa imekwisha. Ndani ya wiki chache hapakuwa na mtu katika klabu ile aliyeweza kusimama mbele yangu, na sisemi haya kujisifu tu, ulizeni wazee wa Mangobo waliokuja kutazama madirishani. Maître alinigombeza mara mbili, mara ya tatu akacheka, na mwalimu akicheka umeshapata ruhusa. Wakaniita Citoyen Ciseaux. Nilikuwa nikipita sokoni wauzaji wa makayabu wananipigia makofi. Unajua kijana anajisikiaje samaki wa chumvi anapopungwa hewani kwa heshima yake? Nilidhani mji umejengwa ili mimi nipite.

Kulikuwa na mmoja tu ambaye sikumwangusha, naye ni Losala. Alikuwa Mwenia, mtoto wa maporomoko. Tangu utotoni alipanda zile nguzo kubwa ambazo watu wake huzisimika katikati ya maji makali ili kutundika mitego ya samaki, na miguu yake ilikuwa imejifunza kushika kitu chochote: mti uliolowa, kamba, mwamba. Nikimrukia kwa mkasi alikuwa anajua sekunde moja kabla, anauondoa mguu kama mtu anayeuondoa kwenye maji ya moto, naanguka peke yangu. Hakucheka watu. Alinisaidia kuinuka, akasema, “Ndeko, ndugu yangu, leo umekaribia.” Tulikula sahani moja kwa Mama Feza. Yeye alileta samaki, mimi nilileta maneno. Na mwaka ule ndipo habari ilipokuja kwamba klabu yetu itapeleka Kinshasa mtu mmoja wa uzito wetu, na huyo mtu, akipigana vizuri, atapata nafasi katika chuo cha michezo, pamoja na malazi na masomo. Mtu mmoja! Maître alitutazama mimi na Losala, akasema tutapambana mwisho wa mwezi, na mshindi ndiye atakayepanda meli. Mimi nilishaanza kuaga watu.

Sasa naja kwenye jambo ambalo kwa miaka yote nimelisimulia nusu. Wenzetu walianza kulalamika migongo. Kuangushwa chali kwa mkasi kila siku juu ya makapi yaliyochoka si mchezo, na makapi yetu yalikuwa yamelala hadi unasikia sakafu. Mimi nikajitolea. Nilipanda lori hadi Bengamisa, nikazungumza na wenye vinu kwa ulimi huu ambao baadaye uliwashawishi hata walimu wa Brussels, nikarudi na magunia kumi ya makapi mapya. Kumi, bure! Tukayamwaga yote ndani ya fremu. Turubai likavimba kama unga wa maandazi uliolazwa. Watu walijirusha juu yake wakicheka, na Maître akanipa mkono mbele ya wote, akasema, “Sasa hakuna mutu ataumia tena.” Nilisikia raha kuliko siku niliyopokea diploma ya kwanza. Wiki ileile, Mlokele mmoja mwembamba niliyemrukia aliinuka akichechemea, goti limemvimba kama papai. Tukasema ana mifupa laini. Siku tatu baadaye, mwingine.

Mama Feza ndiye aliyelileta jambo mbele ya watu. Jumamosi ile, baada ya salongo na baada ya kugeuza makapi, tulikuwa kumi na mmoja tumekaa ukingoni mwa tatami tunakula, matonge ya lituma bado yanatoa moshi, na yeye akasimama katikati yetu na sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo.

“Maître,” akasema, “mimi sijui judo yenu. Lakini naona watoto wanaingia hapa na miguu mbili, wanatoka na moja na nusu. Hii kitu ya Ramazani, muikataze.”

Palizuka kelele! Mmoja akasema ukikataza mkasi, kataza na kukaba shingo, kataza na kuvuta mkono, tubaki tunasalimiana. Mwingine, yule wa goti la papai, akajibu kwamba anayekabwa anaweza kupiga turubai kwa kiganja na mwenzake akamwachia, lakini goti litapiga turubai kwa kiganja gani? Sikupenda kulisikia, kwa kuwa lilikuwa neno zuri na halikutoka kwangu. Maître alitafuna polepole. Akamgeukia Losala.

“Na weye, Mwenia?”

“Muiache,” Losala akasema. “Mukiikataza sasa, nikimushinda Ramazani, watu watasema alifungwa mikono.”

Hapo ndipo mimi niliposimama. Nakumbuka nilikuwa na tonge mkononi. Nilisema mrusho hauna kosa, kosa ni la miguu ya waoga. Nilisema mtu anayejua kuanguka haumii. Na nilipoona Mama Feza anatikisa kichwa, nikasema neno ambalo hakuna aliyeniomba kulisema. “Nirushwe mimi! Hapa hapa. Losala anirushe kwa nguvu zake zote, nami nitainuka nimalize chakula changu.”

Losala akakataa. “Mimi sijafanyaka ile kitu.”

“Umeniona nikiifanya mara mia. Au Mwenia anaogopa kuruka pahali hakuna maji?”

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwinua. Nilimpa lile tonge Mama Feza anishikie. Tukainama, tukashikana. Nilisimama imara, nimejaa fahari, mguu wa kulia mbele, na nilihisi, nakiri nilihisi, turubai linaukubali unyayo wangu na kuufunika hadi juu ya vidole. Losala aliruka. Aliruka vizuri kuliko mimi, nasema hivyo leo kwa mara ya kwanza. Mwili wangu ulikwenda nyuma, mguu ukabaki. Sauti ya goti ilikuwa kama muhogo mkavu unaovunjwa ili uingie chunguni. Halafu nikasikia sufuria ya Mama Feza ikianguka.

Maître hakupoteza muda. Aliwatuma wawili wa watazamaji wa madirishani wakatafute ubao wa kunibebea, na kabla ubao haujafika akasema, “Nani anakubali ikatazwe?” Mikono ikainuka kuzunguka tatami nzima. Wa Losala ulikuwa wa kwanza, akiwa amepiga magoti kando yangu, machozi yanamtoka. Maître akahesabu kumi. Akanitazama pale chini.

“Na weye, Citoyen?”

“Mimi nakataa,” nikasema, meno yamekazana. “Ni ajali.”

“Haya! Anakataa na goti imegeuka nyuma!” Mama Feza akapiga kelele. Na hapo, naapa, hata mimi nilicheka, kisha nikazimia.

Nililazwa katika chumba changu, mguu juu ya magunia mawili matupu, na mzee mmoja Mwenia, jamaa wa Losala, alikuja kila siku kulinyoosha goti kwa mafuta ya mawese ya moto na vidole ambavyo sijaona mfano wake hadi leo. Nilimuuliza kila alichokifanya. Huyu mshipa unakwenda wapi? Kwa nini unaanza juu? Alinijibu yote, akidhani nauliza kwa maumivu, kumbe nilikuwa nimeshaanza masomo. Wote wanaonisifu kwa kazi yangu wajue ilianzia kwenye kitanda cha kamba Mangobo, bila chuo, bila barua ya mtu. Hiyo ni kweli. Lakini katika chumba kile kulitokea na jambo la pili. Ukuta ulikuwa wa miti na udongo, na upande wa pili palikuwa jikoni kwa Mama Feza. Alasiri moja nikamsikia Maître.

“Tumetoa yale makapi ya Bengamisa, Mama. Yote. Miguu ilikuwa inazama. Mutu anabaki amepandwa kama muhogo, halafu unamuangusha kwa ubavu! Siye tulifikiri migongo, hatukufikiri magoti.”

“Umeambia watoto?”

“Nawaambia nini? Wajue mwalimu wao aliwalaza juu ya mutego? Ciseaux imeisha. Inatosha.”

Akaondoka. Nilikuwa bado nayageuza maneno yale kichwani nilipoisikia sauti nyingine, ya Losala. Alikuja na samaki kama kawaida, na Mama Feza akamuuliza atapanda meli lini, maana nafasi ya Kinshasa sasa ilikuwa yake.

“Siendi, Mama.”

“Juu ya nini?”

“Nimevunja rafiki yangu ili nipite. Kila nikivaa kimono, nasikia ile sauti. Nimerudisha mukanda kwa Maître.”

“Mutoto, haikuwa weye.”

“Ilikuwa nani basi?”

Nikamsikia Mama Feza akikoroga chungu. Siri ilikuwa ya Maître, naye hakuwa mtu wa kuvunja siri. Kati ya mdomo wangu na sikio la Losala palikuwa na udongo mnene kama kiganja. Ningesema, Ndeko, ni magunia yangu. Maneno manne tu. Mimi niliyekuwa na neno kwa kila jambo, niliyetangaza hadi kura yangu nikiwa nimevunjika! Nikafumba macho, nikapumua kama mtu aliyelala. Nilijiambia nitasema kesho. Kumbe moyoni nilifurahi kidogo kwamba kama mimi siendi, naye haendi. Kinshasa akapelekwa mtu wa klabu nyingine. Losala akarudi kwenye nguzo zake, na mwaka uliofuata mimi nikapanda meli na fimbo yangu, nikagonga mlango hadi mlango, nikaingia chuoni, si kwa misuli, kwa kichwa.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kwake, karibu na maporomoko. Nywele nyeupe, kifua bado kama mlango. Wanawe walikuwa juu ya nguzo, naye aliwaelekeza kwa kidole, bila kupaza sauti, maana pale maji yanameza sauti zote. Mkewe akatuwekea lituma na samaki, sahani moja, kama zamani. Losala akalitazama goti langu kabla ya uso wangu. Alilitazama hivyohivyo nilipomuaga bandarini, na nikajua kwamba katikati hapo hajaacha kulitazama. Nikamweleza yote. Bengamisa, magunia, ukuta, pumzi ya uongo, na swali la Aziza. Alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani.

“Ulikuwa macho?”

“Nilikuwa macho.”

“Nilisema maneno yote yale, na weye uko macho.”

“Ndiyo.”

Akageuka akawatazama wanawe juu ya nguzo. Kisha akasema, “Makapi naweza kusamehe, hata mimi nilimwaga gunia tatu. Ile ya kulala siwezi. Si leo.” Akausukuma mkia wa samaki upande wangu. “Kula. Kesho utasema mbele ya watu, nitakuja kukusikia. Kesho kutwa kuja tena, tutaona.”

Ndiyo maana Jumamosi nilisimama mbele ya vijana wale bila suti. Nilivaa bombo, suruali fupi, goti nje, na kovu la upasuaji wa baadaye kama mkufu. Walidhani nimekuja kusimulia ushujaa, na nilisimulia, hadi migomba! Walicheka hadi wakalala kwenye mikeka. Halafu nikawasimulia magunia, nikawasimulia ukuta, nao wakainuka wakaketi. Kijana mmoja mwenye mkanda wa kahawia akainua mkono. “Papa, basi kosa ilikuwa makapi. Siye tuko na mikeka ya kweli. Donc, ciseaux haina makosa?”

Swali zuri, nami swali hilo nililisomea miaka saba. Nikamwita mbele, nikamshika mkono wa kimono. Nikamwambia, nikikuvuta kwa bega, mwili wako una muda wa kuchagua: unafuata, unapinga, unapiga turubai. Nikikurukia miguuni kwa ubavu, anayechagua ni kitu kilicho chini ya unyayo wako. Leo ni mkeka mzuri. Kesho ni jasho, ni mshono uliofumuka, ni mtu mwema aliyeleta magunia kumi. Mimi nilikuwa bora kuliko wote mjini kwa mkasi, na sikujua kilicho chini ya mguu wangu mwenyewe. Wewe utajua kilicho chini ya mguu wa mwenzako?

Akatazama chini, kwenye miguu yake. Aziza akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, “Aliyekataa alikuwa nani, Papa?”

“Alikuwa mimi. Losala mkono wake ulikuwa wa kwanza kuinuka.”

Vichwa vyote vikamgeukia mzee aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono kifuani. Aziza akasema basi na wapige kura upya, wanaokubali mkasi ubaki marufuku wainue mkono. Mikono ikainuka mmoja mmoja, wa yule kijana wa mkanda wa kahawia ukawa karibu wa mwisho. Nami nikauinua wangu, juu kabisa, hadi bega likalia. Aziza alihesabu, akashusha fremu ukutani, akatafuta kalamu. Losala akasimama.

“Ile ya zamani usiiguse,” akamwambia. “Amekataa mumoja, iache hivyo. Andika chini yake ya leo, na uandike majina.”

Aziza akaandika. Lilipofika jina langu, Losala alikuja hadi begani kwake, akasimama pale, akatazama hadi herufi ya mwisho ilipokauka.